Kaunti ya West Midlands: Niliyojifunza kwa Kufuata Maji Yake

Ndugu na jamaa wanaopata nafasi ya kuja Uingereza huniambia mapema kwamba wanataka kuiona London na, zikibaki siku, wapelekwe kwenye uwanja wa mpira wa Manchester au wa Liverpool. Kaunti ninayoishi, West Midlands, huwa kwao ni mahali pa kulala, kwa sababu mwenyeji wao yuko huku na hoteli za London ni ghali. Siwalaumu. Mtu akiitazama kupitia dirisha la treni anaona mabohari, migongo ya nyumba za matofali mekundu na barabara zinazopandiana. Hakuna bahari, hakuna ziwa la kutajwa, na mto wake mkuu, Tame, mtu anaweza kuuvuka kila asubuhi kwa basi bila kujua kwamba ameuvuka. Mimi nilikulia Tanga na nikasomea ualimu wa jiografia kabla ya maisha kunileta kwenye kazi za zamu za huku, na kwa muda mrefu niliiona kaunti hii kama njia ya kwendea kazini na kurudi. Kilichonifungua macho ni swali nililozoea kuwauliza wanafunzi wangu kuhusu mahali popote: maji yake yanatoka wapi, na yanakwenda wapi?

Kwanza niieleze kaunti yenyewe. Iliundwa mwaka 1974 kwa kukusanya maeneo yaliyokuwa ya kaunti za Warwickshire, Staffordshire na Worcestershire, na ina wilaya saba: majiji ya Birmingham, Coventry na Wolverhampton, pamoja na Dudley, Sandwell, Solihull na Walsall. Baraza lake la kaunti lilivunjwa mwaka 1986, kila wilaya ikabaki kujiendesha, na tangu mwaka 2017 wilaya hizo huchagua kwa pamoja meya mmoja wa eneo zima. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 900. Kwa wanaokijua kisiwa cha Pemba, chenye watu zaidi kidogo ya nusu milioni, nawaomba wafikirie eneo linalokaribiana na hilo likiwa na wakazi karibu milioni 2.9. Mtu anaweza kutoka Wolverhampton hadi Birmingham asione shamba hata moja, na asipotazama vibao vya barabarani hatajua ni wapi ameacha mji mmoja na kuingia mwingine.

Swali langu la maji lilinipeleka kwanza kwenye vilima vya Rowley, katikati ya Dudley na Sandwell, ambako kilele cha Turners Hill, chenye mita 271, ndicho sehemu ya juu kabisa ya kaunti. Ukisimama pale siku yenye upepo, na siku isiyo na upepo pale sijaiona, unakuwa juu ya mstari unaoigawa Uingereza ya kati. Mvua inayonyesha upande wa mashariki huingia mto Tame, ukaipeleka Trent, na hatimaye Bahari ya Kaskazini. Inayonyesha upande wa magharibi huingia Stour, kisha Severn, na kutokea mlango wa bahari wa Bristol. Nilipolitambua hilo ndipo nilipoelewa kwa nini mito ya huku ni midogo kiasi hiki: tuko kwenye paa la nyumba, na paani maji hayakai. Miji mingi mikubwa duniani ilizaliwa kando ya mto mpana au bandari, lakini mkusanyiko huu wa miji uliota mahali ambapo meli haiwezi kufika kabisa.

Jibu la kwa nini uliota hapa liko chini ya ardhi. Sehemu ya magharibi ya kaunti, inayoitwa Black Country, ilikuwa na tabaka la makaa ya mawe lenye unene wa karibu mita 9, na pembeni yake yalikuwepo mawe yenye madini ya chuma, chokaa ya kusafishia chuma hicho, na udongo wa kufinyangia matofali yanayostahimili moto wa tanuru. Vyote vinavyohitajika kuyeyusha chuma vilipatikana kwa mwendo wa miguu. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuvisafirishia, maana gari la farasi lililojaa makaa huzama kwenye tope la barabara za zamani. Ndiyo maana watu walichimba mito yao wenyewe. Mfereji wa kwanza wa Birmingham, uliosanifiwa na James Brindley, ulianza kuleta makaa kutoka Wednesbury mwaka 1769, na kufikia mwaka 1772 ulikuwa umefika Wolverhampton. Leo wenyeji hujisifu kwamba jiji lao lina mifereji mirefu kuliko Venice, na huwa nawashauri wageni wasibishane nao, kwa sababu kwa hesabu ya urefu wana haki, hata kama kwa uzuri jambo ni jingine.

Kwa mgeni mwenye asubuhi moja tu, ninapompeleka ni Smethwick, mji mdogo katika wilaya ya Sandwell ambao vitabu vya watalii huupita. Hapo mfereji wa Brindley ulilazimika kupanda kilima. Boti hupandishwa kwa vyumba vya matofali vyenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma: boti inaingia, mlango unafungwa, maji yanaachiliwa kutoka juu hadi chombo kinyanyuke, kisha mlango wa mbele unafunguliwa. Wakati mmoja tulimkuta mama mtu mzima, mume wake akiwa ameshika usukani, akizungusha kitasa cha chuma kuinua kizuizi cha maji. Alipomaliza aliugeuzia mgongo mti mrefu unaotokeza kwenye mlango, akakaza miguu kwenye matofali yaliyochongwa matuta ili kisigino kisiteleze, akasukuma taratibu kwa makalio. Mlango wenye uzito wa gari ukafunguka bila kelele. Mdogo wangu, ambaye ni fundi wa mashine za kukoboa mahindi Handeni, alilisahau baridi lililokuwa limemnunisha tangu alfajiri, akaomba kusukuma mlango unaofuata.

Kila boti inapopanda na kushuka, maji mengi hutiririka kwenda chini, na juu ya kilima hakuna mto wa kuyarudisha. Hapo ndipo ilipoingia mashine ya mvuke ya James Watt na mshirika wake Matthew Boulton. Mwaka 1779 waliifunga mashine hapo Smethwick kuvuta maji yaliyoshuka na kuyarudisha juu, nayo ilifanya kazi hiyo hadi mwaka 1891. Mashine yenyewe sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi ya Thinktank jijini Birmingham, na inatajwa kuwa ndiyo kongwe kuliko zote duniani ambazo bado zinaweza kufanya kazi. Ninawasihi wageni waone kwanza kilima, ndipo waende makumbusho. Aliyekwenda makumbusho peke yake ataona chuma kikubwa cheusi, ilhali aliyeanzia kilimani ataelewa kiu iliyokiita kije. Baadaye mhandisi Thomas Telford alichimba mfereji mwingine, ulionyooka na wa chini zaidi, akaukata ndani ya kilima kwa bonde refu, na juu yake mwaka 1829 likawekwa daraja jembamba la chuma, Galton Bridge, ambalo hadi leo watu wa miguu hulivuka wakielekea kwenye stesheni yenye jina hilohilo.

Kuna mahali pengine pa mifereji ambapo hupata shida kuwashawishi wageni waje, nako ni chini ya makutano ya barabara ya Gravelly Hill, yanayojulikana kwa jina la utani la Spaghetti Junction. Yalifunguliwa mwaka 1972 na yamebebwa na nguzo 559 za zege. Kwa dereva ni mahali pa kuchanganyikiwa, lakini ukishuka kwa miguu unakuta mifereji ikikutana kwenye kivuli, na mto Tame ukipita ndani ya kuta ulizojengewa. Magari yanasikika juu kama ngurumo isiyokwisha na maji hayana habari nayo. Wajenzi wa barabara walilazimika kuzipanga nguzo zao ili njia ya farasi waliokuwa wakivuta boti ibaki wazi. Sijui mahali pengine ambapo karne mbili za usafiri zimepandana hivyo na mtu akaziona zote kwa kuinua shingo, bila kiingilio.

Maji ya kunywa yana habari yake, na habari hiyo inafika hadi kwetu. Katika karne ya 19 visima vya Birmingham vilikuwa vichafu, na Joseph Chamberlain, aliyekuwa meya kuanzia mwaka 1873 hadi 1876, aliziweka kampuni za gesi na za maji chini ya umiliki wa jiji. Jiji lililokua halikutosheka na vijito vya karibu, hivyo mwaka 1904 yakafunguliwa mabwawa ya bonde la Elan huko Wales, ambayo maji yake husafiri kilomita 118 kwa mteremko peke yake hadi Birmingham. Chamberlain amejengewa chemchemi katikati ya jiji, katika uwanja wenye jina lake. Mgeni wa Afrika Mashariki anayesimama hapo ajue kwamba meya huyo ndiye baadaye aliyekuwa waziri wa makoloni, aliyefika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1902, akapanda reli ya Uganda, na mwaka uliofuata akawapendekezea viongozi wa Wayahudi wa Ulaya wapewe ardhi katika nyanda za Uasin Gishu. Mtu yule yule aliyewapa maskini wa jiji lake maji safi aliigawa ardhi ya watu wengine mezani. Ninapokuwa na vijana wa shule huwa nawaambia yote mawili.

Mahali ninapopapenda kuliko pote katika kaunti hii ni kilima cha Wren's Nest, Dudley. Kwa nje ni msitu mdogo uliozungukwa na nyumba za halmashauri, na watu hupita wakitembeza mbwa. Ndani yake kuna mashimo makubwa na mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa chokaa iliyolishwa kwenye matanuru. Mwaka 1956 kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa kwa ajili ya miamba yake, na tangu mwaka 2020 ni sehemu ya hifadhi ya kijiolojia ya Black Country inayotambuliwa na UNESCO. Niliinama hapo siku moja kufunga kamba ya kiatu nikaona kipande cha jiwe chenye matundu madogo yaliyopangana kwa ustadi. Sikuhitaji kitabu. Nyumba ya babu yangu, kama nyumba nyingi za mawe za pwani yetu, imejengwa kwa matumbawe, na nilikuwa nikiyapapasa matundu hayo ukutani tangu sijajua kusoma. Matumbawe haya ya Dudley yana zaidi ya miaka milioni 420, ya enzi ambayo ardhi hii ilikuwa chini ya bahari ya maji ya vuguvugu, na ilikuwa kusini mwa ikweta. Bamba la dunia limeisogeza taratibu hadi kwenye mvua na ukungu huu. Pana mahali ambapo mwamba umesimama kama ukuta, na juu yake yamebaki mawimbi madogo ya mchanga, sawasawa na yale yanayoachwa na maji yakipwa.

Watu wa Dudley wanajivunia zaidi kisukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, cha mdudu wa baharini wa kale, mwenye mgongo wa pingili, aliyepatikana kwa wingi hapa hata akawekwa kwenye nembo ya mji. Wageni wanaruhusiwa kutazama na kupapasa, ila nyundo ni marufuku, na ni haki, kwa sababu kilima kisingebaki.

Kaunti hii ya mbali na bahari ina uhusiano wa ajabu na nanga. Nanga kubwa ya katikati ya meli Titanic, yenye uzito wa karibu tani 16, ilitengenezwa Netherton, karibu na Dudley, mwaka 1911, ikavutwa na farasi 20 hadi stesheni. Tena, kila pete ya dhahabu iliyokaguliwa Birmingham hupigwa alama ya nanga, desturi iliyoanza mwaka 1773 ofisi ya ukaguzi wa madini ya thamani ilipoanzishwa. Wanaotaka kuona kazi hiyo waende mtaa wa masonara, Jewellery Quarter, ambako kuna karakana iliyofungwa mwaka 1981 na kuachwa ilivyokuwa, hadi aproni zikiwa zimetundikwa, na sasa ni makumbusho.

Lakini nanga haina kazi bila mnyororo, na minyororo midogo ilifuliwa na wanawake wa Cradley Heath katika vibanda vya uani, watoto wakiwa pembeni ya moto. Mwaka 1910 wanawake hao, wakiongozwa na Mary Macarthur, waligoma mpaka waajiri wakakubali kulipa kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria. Fedha za michango zilizobaki walijengea ukumbi wa wafanyakazi. Ukumbi huo ulibomolewa kwa uangalifu na kujengwa upya tofali kwa tofali ndani ya makumbusho ya wazi ya Black Country, Dudley, ambako wafanyakazi waliovaa mavazi ya zamani hufua chuma mbele ya wageni, hukaanga viazi kwa mafuta ya ng'ombe, na kufundisha darasani kwa ukali wa enzi hizo. Shangazi yangu, aliyestaafu kiwanda cha katani, alisimama muda mrefu mbele ya kibanda cha mnyororo akaniuliza kama wale kina mama walilipwa kwa saa au kwa kipimo. Walilipwa kwa kazi iliyokamilika, nikamjibu. Akatikisa kichwa: "Mwanangu, hapo ndipo mtu anapoibiwa."

Watu ni sehemu ya jiografia, na Smethwick ndipo nilipolisoma somo hilo. Nilikuwa kituoni nikizungumza na mama kwa simu, na nilipomaliza, mzee mmoja wa Kisikh mwenye kilemba cha buluu akaniambia, "Kijana, Kiswahili chako ni cha pwani." Nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kusita. Alizaliwa Kisumu, baba yake akiwa seremala wa reli, na familia ilihamia huku mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Waasia wengi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walipokuwa wakiharakisha kuingia kabla sheria haijabana. Baada yao, mwaka 1972, walifuata waliofukuzwa Uganda na Idi Amin. Mzee alinikaribisha kwenye hekalu la Guru Nanak lililo barabara kuu ya mji huo, ambako yeyote anayevua viatu na kufunika kichwa hupewa dengu na chapati bila malipo. Mitaa michache kutoka hapo ipo Marshall Street, ambako mwaka 1965 halmashauri ilitaka kununua nyumba ili zikaliwe na weupe tu. Malcolm X, mtetezi wa haki za weusi wa Marekani, aliyekuwa Dar es Salaam miezi michache kabla, alikuja kuutembelea mtaa huo mwezi Februari, na siku 9 baadaye akauawa Marekani.

Wengine waliikumbuka Birmingham kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022. Victor Kiplangat wa Uganda alishinda marathoni, Alphonce Simbu wa Tanzania akawa wa pili, na Michael Githae wa Kenya wa tatu, hivyo Afrika Mashariki ikajaza jukwaa lote. Tuliokuwa kando ya barabara na bendera zetu tulipiga kelele hadi sauti zikakauka.

Maeneo mengine nitayapitia haraka. Walsall ina makumbusho ya ngozi na tandiko za farasi, na jumba zuri la sanaa. Wolverhampton ina nyumba ya Wightwick Manor, kwa wanaopenda mapambo ya kale. Bournville, kitongoji cha chokoleti kilichoanzishwa na familia ya Cadbury, kinafaa kwa wenye watoto, ingawa mimi huvutiwa zaidi na bustani za nyumba za wafanyakazi kuliko na chokoleti yenyewe. Katikati ya Birmingham wasikose nyumba za mgongo kwa mgongo za Hurst Street, zinazoonyesha jinsi familia kadhaa zilivyogawana ua mmoja, bomba moja na vyoo vichache. Solihull ndiko kulikoanza kutengenezwa Land Rover mwaka 1948, gari ambalo kila mzee wa kijijini kwetu analijua kwa ngurumo yake.

Anayedhani kwamba kaunti nzima ni zege aende Sutton Park, kaskazini mwa Birmingham, yenye karibu hekta 970 za msitu, mabwawa na nyasi ambako ng'ombe hulisha. Mfalme Henry VIII aliwapa wakazi wa mji wa Sutton eneo hilo mwaka 1528, nao wamelishikilia. Na kati ya Solihull na Coventry yamebaki mashamba halisi, yanayolindwa makusudi ili miji hiyo miwili isigusane.

Coventry ina tabia ya peke yake, na maji yake huelekea Severn, tofauti na ya Birmingham. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 mabomu ya Ujerumani yaliliteketeza kanisa lake kuu. Kuta zimeachwa zikiwa hazina paa, na ubavuni mwake mbunifu Basil Spence akajenga kanisa jipya lililowekwa wakfu mwaka 1962, lenye pazia kubwa la kufumwa linaloonyesha Kristo. Ninashauri kuingia kwanza kwenye magofu mvua ikinyesha, kisha kuvuka kwenda kwenye jipya. Hatua chache kutoka hapo, makumbusho ya usafiri yanaonyesha baiskeli ya Rover ya mwaka 1885, mama wa baiskeli zote tunazozipanda.

Kwa atakayekuja, kipindi kizuri ni kati ya Mei na Septemba, kwa sababu Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni na kilima cha Dudley kinateleza. Makumbusho ya Black Country yapewe siku nzima. Kando ya mifereji kuna takataka katika baadhi ya vipande, na nyumba za Hurst Street haziingiliki bila kuweka nafasi mapema. Viatu viwe vya kutembea, maana njia nzuri kati ya Smethwick na katikati ya Birmingham ni ile ya kando ya maji, na kwa miguu inachukua takriban saa mbili kwa mtu asiye na haraka.